Matege na goti bandia: yanayosemwa Tabora na yaliyo kweli

Mimi ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Wiki iliyopita mama mmoja wa Ipuli, hapa Tabora, alikuja kwangu kwa mazoezi, miezi mitatu baada ya kuwekewa goti bandia Dar es Salaam. Hata sijamgusa, binti yake akaanza: "Dokta, hebu tazama, mguu bado umepinda. Si operesheni imeshindikana hii?"

Dhana hiyo ndiyo inayoniuma kuliko zote, maana inamfanya mtu mwenye goti zuri alilie goti lake.

Kwa miaka mingi madaktari wa mifupa wamelenga mstari mmoja: uanzie katikati ya nyonga, upite katikati ya goti, uishie katikati ya kifundo cha mguu. Mfupa wa paja na wa muundi hukatwa ili mstari huo unyooke kama uzi wa mwashi. Lengo lenyewe ni zuri, kwa sababu mzigo unagawanyika pande zote na plastiki ya goti bandia hailiki upande mmoja. Lakini si kila mtu alikua na mstari huo. Mwaka 2012 watafiti wa Ubelgiji walichapisha vipimo vya vijana 250 wasio na tatizo lolote la goti. Wanaume 32 katika kila 100, na wanawake 17, walikuwa na matege ya digrii 3 au zaidi. Hao hawaumwi, ndivyo walivyo.

Kano za goti (wengi wetu tunaziita mishipa) zimekua zikifuata umbo hilo. Ukikata mfupa ili mguu wa mtu wa namna hiyo unyooke kabisa, kano ya ndani inakazwa na ya nje inapwaya. Mtazame fundi baiskeli anaponyoosha gurudumu. Analizungusha taratibu huku akigonga spoki moja moja, iliyokaza inalia nyembamba, iliyolegea inakwaruza tu. Anajua kwamba ringi na spoki ni jambo moja, ukigusa hiki umegusa kile. Kwenye goti, digrii 3 ni tofauti ya kama milimita 3 kati ya nafasi inayoachwa baina ya mifupa upande wa ndani na ile ya upande wa nje. Zinaonekana ndogo, lakini kano ya ndani si mpira. Hapo daktari ana njia mbili: ailegeze kano kwa kisu, au aukate mfupa kwa kufuata zaidi umbo la mgonjwa mwenyewe. Baadhi ya madaktari siku hizi huchagua ya pili na kumwachia mtu sehemu ya matege yake ya asili. Wengine wanashikilia mstari ulionyooka, na mjadala bado unaendelea. Matege makubwa, hata hivyo, hayaachwi.

Nikamlaza mama, mkono mmoja kwenye kifundo, mwingine kwenye goti, nikasukuma ndani na nje, kwanza goti likiwa limenyooka, kisha likiwa limekunjwa kidogo. Lilitulia.

Wapo wanaosema goti zima linang'olewa pamoja na mishipa yake. Hapana. Kinachoondolewa ni uso wa mifupa, unene wa milimita chache, kisha unavikwa chuma na plastiki. Kano ya mbele iliyo ndani ya goti kwa kawaida huondolewa, ya nyuma hubaki au huondolewa kutegemea aina ya goti bandia. Za pembeni zinabaki, na ndizo zitakazolishika goti jipya.

Wengine huamini matege ya uzeeni ni mishipa iliyolegea, basi wanakanda na kufunga bandeji. Kukanda kunaweza kupunguza maumivu, mguu hakuunyooshi. Gegedu (tabaka laini linalofunika ncha za mifupa) la upande wa ndani limelika, mguu ukazidi kupinda, kano ya ndani ikasinyaa huku vinundu vya mfupa vikiisukuma. Daktari akivichonga vinundu hivyo, mara nyingi kano inapata nafuu yenyewe.

Halafu kuna hili linalosemwa: goti likicheza, yaani likiyumba, baada ya operesheni, zidisha mazoezi. Mazoezi yanaimarisha misuli ya paja, nami nayasimamia kwa moyo wote, lakini hayabadilishi mfupa ulivyokatwa. Goti linaweza kuwa imara ukisimama wima na likacheza ukilikunja, kwa mfano kipande cha goti bandia kinachovikwa mfupa wa paja kikiwekwa kimezungushwa vibaya kidogo. Mgonjwa anayeniambia goti linamponyoka kwenye ngazi namrudisha kwa daktari.

Anayejiandaa kwa operesheni, namshauri aulizie eksirei ya mguu mzima akiwa amesimama, kwa kuwa picha ya goti peke yake haionyeshi nyonga wala kifundo. Na amuulize daktari: matege haya ni ya ujanani au yameletwa na ugonjwa?

Juzi yule binti alirudi na picha ya mama yake ya miaka ya 1970, msichana wa gauni fupi, peku, mbele ya bani, lile banda la kukaushia tumbaku, kule Urambo. Matege yalikuwepo tayari.