Kupunguza muda wa kubadili kalibu hakumaanishi kuruka kufuli

Malalamiko ya waendesha mashine za presi (za kugandamiza chuma) na za plastiki yanayofika ofisi yetu ya ukaguzi yameongezeka, na mengi yanafanana. Kalibu, yaani umbo linalofungwa kwenye mashine ili kuipa bidhaa sura yake, inabadilishwa, msimamizi amesimama kando na saa mkononi, na anayekwenda kuweka kufuli kwenye swichi kuu, ili mashine isiwashwe mtu akiwa ndani, anaambiwa anachelewesha kazi. Waajiri tukiwauliza, hujibu kwamba wanatekeleza mpango wa kupunguza muda wa mabadiliko. Nia yao hatuitilii shaka. Mpango wenyewe ni mzuri na tungependa kila kiwanda kiufuate, lakini hicho wanachokifanya siyo huo mpango.

Chimbuko la mpango huo ni hili: mwaka 1950 mhandisi Mjapani Shigeo Shingo alikuwa akichunguza presi kubwa katika kiwanda cha Toyo Kogyo, Hiroshima, watengenezaji wa magari ya Mazda. Kwenye presi ya tani 800, kalibu ikiwa inabadilishwa, fundi mmoja alitoweka kwa zaidi ya saa nzima. Bolti moja ilikuwa imekosekana. Akaenda akachukua bolti ya kalibu nyingine, akaiona ni ndefu, akaikata na kuichonga uzi upya, huku presi imesimama inamsubiri. Hapo ndipo Shingo alipotenganisha kazi za aina mbili: zile ambazo haziwezekani mpaka mashine isimame, na zile zinazoweza kukamilishwa mashine ikiendelea kuzalisha. Mwaka 1969, kwenye presi ya tani 1,000 ya Toyota iliyokuwa ikichukua saa 4 kubadilishwa, njia hiyo ilishusha muda hadi dakika 90, kisha hadi dakika 3. Hawakufika huko kwa kumwamuru fundi akaze nati mbiombio.

Muda wa mabadiliko huhesabiwa tangu kipande kizuri cha mwisho cha bidhaa inayotoka hadi kipande kizuri cha kwanza cha bidhaa inayoingia. Inatulazimu kulirudia hili kila mara, kwa kuwa ripoti nyingi tunazoletewa husimamisha saa pale bolti ya mwisho inapokazwa. Kwa mchanganuo wa Shingo, katika mabadiliko ya kizamani maandalizi hula asilimia 30 ya muda, kutoa na kufunga kalibu asilimia 5, kupima na kulinganisha asilimia 15, na majaribio na marekebisho asilimia 50. Kwa hiyo anayemsimamia fundi kwa saa wakati anakaza bolti anapigania ile asilimia 5, na ndiyo asilimia ambayo mikono ya mtu iko ndani ya mashine.

Muda mwingi uko kwingine. Kalibu inayofuata ifikishwe kando ya mashine, ikiwa imekaguliwa, pamoja na bolti zake zote, kabla mashine haijasimamishwa. Kalibu ya plastiki ipashwe moto ikiwa bado nje. Urefu wa kalibu ulinganishwe kwa kuongezewa vipande vya kudumu, ili mwendo wa presi usirekebishwe kila mara. Ziwekwe pini na vizuizi, kalibu ikae mahali pake pasipo kupigwapigwa nyundo; hili peke yake hufuta sehemu kubwa ya majaribio. Na bolti yenye uzi wa mizunguko 15 hukaza katika mzunguko wa mwisho tu, ile 14 mingine ni kazi bure. Washa (kipete kinachokaa chini ya nati) yenye mwanya, au tundu lenye umbo la pea, huruhusu kifaa kitoke bila nati kuondolewa kabisa.

Wapo wanaosema hayo hayawahusu kwa kuwa wao huzalisha kwa mafungu makubwa. Wapige hesabu. Ikiwa kipande kinachukua dakika 1 na mabadiliko saa 4, fungu la vipande 100 linagharimu dakika 3.4 kwa kipande. Ili kushuka hadi dakika 1.02 inabidi kutoa vipande 10,000 na kuvitafutia ghala. Mabadiliko yakiwa dakika 3, vipande 100 tu vinatosha kufikia dakika 1.03.

Sasa kufuli. Utaratibu kwenye presi ni huu, na haupunguzwi hatua. Wajulishwe wote wanaofanya kazi karibu. Mashine izimwe kwa njia yake ya kawaida, kisha ikatwe umeme kwenye swichi kuu na hewa kwenye valvu yake. Kila anayegusa mashine aweke kufuli lake mwenyewe lenye jina lake, ufunguo ukae naye. Watu wanne, makufuli manne. Hewa iliyobaki itolewe, shinikizo la haidroliki lishushwe, gurudumu kubwa lisubiriwe mpaka lisimame kabisa. Nguzo za usalama ziwekwe chini ya kichwa cha presi, yaani sehemu inayoshuka kugandamiza. Kisha kitufe cha kuwashia kibonyezwe kuthibitisha kwamba mashine haiamki, na kirudishwe mahali pa kuzimia. Ikibidi kichwa kisogezwe kupima urefu, watu wote watoke, zana na nguzo ziondolewe, kila mmoja atoe kufuli lake, mtu mmoja asogeze kwa mwendo wa kidogokidogo, halafu utaratibu uanze upya.

Kumwendea mtunza stoo upande wa pili wa kiwanda kuomba kufuli ni muda wa kupunguza: yatundikeni kando ya mashine. Kulifunga siyo.

Tunaambiwa pia kwamba kubadili kalibu ni kazi ndogo ya kila siku, haihitaji kufuli, na inanukuliwa kanuni ya Marekani ya mwaka 1989 kuhusu kufunga mashine kwa kufuli wakati wa matengenezo. Tunaomba wanaoinukuu waisome hadi mwisho. Kanuni hiyo huitaja kazi ya kutayarisha mashine miongoni mwa kazi inazozihusu. Nafuu iliyomo ni kwa mabadiliko madogo ya zana yanayojirudia wakati wa uzalishaji wa kawaida, tena kwa sharti kwamba kuna kinga nyingine inayofanya kazi kweli. Kuingiza kichwa na mabega chini ya presi hakuingii humo kwa tafsiri yoyote.

Mkaguzi akikuta utaratibu haujaandikwa au haufuatwi, hutoa notisi ya marekebisho yenye tarehe ya mwisho. Akimkuta mtu ndani ya mashine isiyofungwa, mashine husimamishwa papo hapo na kutiwa lakiri, nayo haiwashwi hadi akague tena na kuandika kibali. Kukata lakiri ni kosa la peke yake, hata kama hitilafu ya awali imeshaondolewa. Karatasi ya malengo ya dakika iliyotiwa saini na meneja, isiyotenga muda wa kufuli, huchukuliwa kuwa ushahidi dhidi yake.

Maelezo haya hayachukui nafasi ya maelekezo ya mtengenezaji wa mashine husika. Mwendesha mashine anayeamriwa aingie bila kufuli aandike tarehe, namba ya mashine na cheo cha aliyetoa amri, kisha alete ofisini. Jina lake halipelekwi kwa mwajiri.