Nyota Zinazoraruliwa Nyuma ya Vumbi

Mwanzoni mwa Agosti, kama saa tatu usiku, simama ufukweni Bagamoyo mbali na taa, utazame juu, ukielekeza macho kidogo upande wa kusini. Njia ya Maziwa utaiona ina mabaka meusi. Wengi hudhani pale hapana nyota. Zipo tele, ila vumbi limezifunika. Nyuma yake, miaka ya nuru ipatayo 26,000 kutoka kwetu, lipo shimo jeusi, kitu chenye mvuto mkali hata nuru haiwezi kukitoroka, lenye uzito wa Jua mara milioni 4.

Hilo kwa sasa limetulia. Kwingineko, nyota hupita karibu mno na shimo la namna hiyo ikararuliwa. Nguvu inayoirarua wavuvi wetu wanaishi nayo: ndiyo hiyo hiyo ya maji kujaa na kupwa. Mwezi huvuta zaidi upande wa dunia ulio karibu nao kuliko ule wa mbali, na siku za bamvua bahari yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Kwenye shimo jeusi tofauti hiyo ya mvuto ni kali kiasi kwamba nyota hurefuka na kukatika, ikabaki mkondo wa gesi. Karibu nusu hutupwa mbali. Iliyobaki hurudi kulizunguka shimo, ikapata moto na kuwaka kwa miezi.

Katika galaksi (makundi makubwa ya nyota kama Njia ya Maziwa) zenye vumbi jingi mwanga huo hautoki. Kwa miaka mingi matukio haya yalihesabiwa pungufu, na ninaona hilo lilitupotosha sana: ilionekana kana kwamba galaksi za aina chache tu ndizo zinazorarua nyota.

Lakini vumbi likimeza mwanga hupata joto, nalo hutoa mionzi ya infraredi, isiyoonekana kwa macho. Mwaka 2005 darubini ya William Herschel, kisiwani La Palma, ilinasa mng'ao wa namna hiyo katika galaksi za Arp 299. Ulidhaniwa ni nyota iliyolipuka. Darubini za redio zikafuatilia kwa miaka, na mwaka 2018 timu ya wanaastronomia Seppo Mattila na Miguel Pérez-Torres ikaeleza kuwa ni nyota iliyoraruliwa.

Januari 2024 watafiti wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, walitangaza matukio mapya 18, yaliyokuwa yamelala ndani ya kumbukumbu za WISE, setilaiti ya NASA iliyochunguza anga kwa infraredi. Yakijumlishwa na yaliyojulikana awali, kila galaksi hurarua nyota moja kwa takriban miaka 50,000, karibu na makadirio ya nadharia. Kumbukumbu hizo ziko wazi mtandaoni bila malipo, hata kwa mwanafunzi wa Bagamoyo.