Hakuna anayemwaga mahindi

Kazi yangu ni hifadhi ya nafaka hapa Dodoma, na ni nadra kikao cha wataalamu kuisha bila mtu kusema, "Wakulima wetu hawa, kamwe hawafanyi tunachowaambia." Hawaaniki kwenye turubai. Hawapimi unyevu. Hawatupi mahindi yenye ukungu. Mengi ya hayo ni kweli, lakini nadhani tunanyamaza mapema mno. Tukishasema "kamwe", hakuna anayeuliza kwa nini.

Hilo la kutotupa ndilo linaloniuma zaidi. Mwaka 2016 ugonjwa wa sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu (ukungu) wa nafaka, ulilipuka katika mikoa ya Dodoma na Manyara: wagonjwa 68, na 20 kati yao wakafariki. Chanzo kilikuwa mahindi. Kuvu huyu huanza shambani, mvua inapokata wakati mahindi yanajaza punje, kisha hushamiri ghalani penye unyevu. Sumu yake haiondoki kwa kuchemsha. Ugali ulioiva vizuri unaweza kubaki nayo.

Sasa fikiria kaya ya Chamwino au Kongwa mwaka wa mvua haba. Mahindi mazuri yanapelekwa soko la Kibaigwa, kwa sababu ada ya shule na dawa zinahitaji fedha. Yanayobaki ndiyo chakula. Mama anachambua, ungo mapajani, na punje zilizobadilika rangi anazitenga. Hapo anakosea yule anayesema hawachambui. Ila zilizotengwa hazimwagwi: zinapewa kuku, au zinawekwa kando kwa ajili ya pombe. Ukikoboa, sehemu kubwa ya sumu inaondoka na pumba, na pumba anapewa ng'ombe, kisha sumu inarudi nyumbani ndani ya maziwa. Wanaopenda dona hawapati hata nafuu hiyo ya kukoboa. Kumwambia mtu mwenye gunia tatu amwage nusu gunia, bila kumwonyesha atakula nini mwezi wa pili, ni kumwonea. Nalisema hili kwa wenzangu kila ninapopata nafasi.

Turubai ni suala la bei tu, sitalirefusha.

Unyevu je? Wakulima wanapima, kwa meno. Punje ikilia inapong'atwa, wanahesabu imekauka. Lakini jino haliwezi kutofautisha asilimia 16 na 13.5, na kuvu anaishi humo humo katikati. Kipimo cha kielektroniki ni ghali, kwa hiyo mimi hufundisha cha chumvi. Chukua chupa ya kioo, safi na kavu kabisa. Tia chumvi kavu hadi robo, ongeza mahindi hadi ifike nusu, funga, tikisa vizuri, kisha iache kama dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15: rudisha juani. Isiponata, magunia ya kawaida yanatosha. Kwa mifuko isiyopitisha hewa mimi huongeza siku moja zaidi ya jua, maana humo unyevu uliofungiwa hauna pa kutokea.

Chumvi yenyewe ikiwa na unyevu itakudanganya, hivyo ianike kwanza kwenye sinia mpaka imwagike kama mchanga.