Ramli siyo uchawi jamani

Juzi niko kwenye daladala natoka Kisesa naenda Mwanza mjini, tumekwama pale Igoma, nyuma yangu kuna mama anamsimulia mwenzake habari ya bibi mmoja huko kwao Kwimba aliyefukuzwa kijijini. Anasema "yule bibi alikuwa anapiga ramli, watu wanakufa". Mwenzake anaitikia eeh, hata kwetu kuna mzee alimpigia mtu ramli akapooza mkono. Nikageuka nikataka kusema kitu, nikaona aibu, nikanyamaza mpaka Mabatini. Ila hii ni mara ya ngapi sasa nasikia hivi, acha niandike.

Ramli ni kuuliza. Ng'ombe kapotea, mtoto haponi, unaenda kwa mtu anayesoma alama, anakwambia chanzo ni nini. Basi. Kwa kazi hiyo hamrogi mtu na wala hajamtibu mtu bado. Ni kama kwenda maabara, kile kipimo siyo malaria yenyewe na siyo dawa mseto.

Neno lenyewe ni la Kiarabu, raml, maana yake mchanga tu, huu huu wa kujengea. Fundi alikuwa anatandaza mchanga kwenye ubao anapiga vidoti harakaharaka mistari kumi na sita bila kuhesabu, afu anarudi anavifuta viwili viwili, mwisho wa mstari anabaki na kimoja au viwili. Mistari minne ikipangwa inatoa umbo moja, na maumbo yote yanayowezekana ni 16, kila moja lina jina na tabia yake. Yaani ni hesabu ya shufwa na witiri, mtu alikuwa anaisomea kwenye vitabu, na wenyewe wanasimulia elimu hiyo ilianzia kwa Nabii Idrisi. Imesafiri na Waarabu mpaka Madagascar, kule wanapanga mbegu badala ya kuchora mchangani na wanaita sikidy, ila maumbo ni yale yale. Kwa sababu ya ule ubao, Kiswahili cha zamani mtu akisema anaenda "kupiga bao" ujue anaenda kutazamiwa. Leo useme umepiga bao watakuuliza ilikuwa uwanja wa Kirumba au wa Nyamagana.

Sasa ukifikiria vizuri, huku kwetu Usukumani huo mchanga wala haukuwepo. Wazee walikuwa wanapasua kuku. Mimi nimeona mwenyewe nikiwa mdogo, Magu, mjomba kaenda kwa nfumu, yaani mganga, kwa sababu ya mtoto wake anaumwa tumbo haliishi. Kifaranga, mjomba akakitemea mate mdomoni ili "kimjue", nfumu akanong'ona naye weee, kisha kisu kidogo, akakifungua kama unafungua bahasha, akawa anaangalia mbawa, anaangalia ini, anabonyeza na kidole gumba. Harufu ya manyoya yaliyolowa naikumbuka mpaka leo. Kiswahili kilipokuja kikaipa na hiyo nayo jina la ramli, sawa, sina ugomvi, maneno yanahama kama watu.

Ugomvi wangu ni hapa. Kisukuma kina watu wawili tofauti kabisa, nfumu na nogi. Nfumu ndiye mganga, nogi ndiye mchawi, wingi wake balogi, na kazi yao bulogi. Ni mzizi ule ule wa kuloga, Kiswahili kikatoa mlozi, kama vile jenga inatoa mjenzi na tunga inatoa mtunzi. Waganda nao wana omulogo, Wakikuyu murogi, ukienda Kongo utakuta ndoki. Bibi yangu hata umuamshe usiku wa manane hawezi kuchanganya nfumu na nogi, ni kama kuchanganya polisi na mwizi (najua, najua, kuna siku wanafanana). Sisi tuliosoma ndio tunachanganya. Na Mwingereza alisaidia sana, Sheria ya Uchawi aliyotuachia mwaka 1928, ambayo bado ipo Sura ya 18, imemweka kwenye kapu moja anayeroga na anayejidai ana ujuzi wa siri.

Kwa nini nang'ang'ana na kitu kidogo hivi? Kwa sababu yule bibi wa Kwimba nina uhakika hajawahi kupiga ramli maishani mwake. Yeye ndiye ramli ilimwangukia. Wale vikongwe waliokatwa mapanga Mwanza na Shinyanga kuanzia miaka ya 70 kuja mpaka juzijuzi, wengi wao wanawake wajane, macho mekundu, na macho mekundu ni moshi jamani, Usukuma miti imeisha watu wanapikia mabua na kinyesi cha ng'ombe ndani ya nyumba haina dirisha, wale hawakuwa wapiga ramli. Walitajwa. Hata sungusungu walivyoanza miaka ya 80 mwanzoni kwa wezi wa ng'ombe, kuna vijiji waligeukia na watu waliotajwa hivyo hivyo.

Na kutajwa kwenyewe mara nyingi siyo kwa jina. Mjomba pale Magu aliambiwa "ni mtu wa karibu, anaingia kwenu bila hodi". Tu. Jina tulilijaza wenyewe njiani tukirudi, shangazi alilitamka kabla hatujafika barabarani, la mama jirani aliyekuwa akituletea maziwa. Maziwa yakakoma. Hilo ndilo serikali wanaita ramli chonganishi, na mwaka 2015 Januari walipopiga marufuku wapiga ramli, baada ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, hawakufuta uganga wote, maana tiba asili ina sheria yake tangu 2002 na waganga wanasajiliwa. Walilenga kile kidole kinachonyooshewa mtu.

Kwa hiyo mchambuzi wa mpira akiambiwa "acha kupiga ramli, tuletee takwimu", hapo neno limetumika vizuri kabisa, anabashiri, ila hajaroga goli. "Kapigiwa ramli" nayo angalieni, maana anaweza kuwa ndiye aliyeenda kuuliza mwenyewe na kuku wake mkononi, siyo lazima awe kafanyiwa kitu.

Na wewe mama wa kwenye daladala, kama utapita hapa, samahani kwa kukusikiliza bila ruhusa. Nadhani ulitaka kusema "walipiga ramli, bibi akatajwa". Waliopiga ni wengine, bibi alikuwa nyumbani kwake.