Je, wajua kwa nini galaksi ya redio haina sauti, na kwa nini kuna moja yenye sauti kweli?

Mwezi wa nane mwaka 2022 iliingia kwenye simu yangu video fupi yenye mlio mzito wa kuvuma, kama mtu anayepuliza mdomo wa mtungi mtupu usiku. Juu yake waliandika kwamba ni sauti ya shimo jeusi lililo katikati ya kundi la galaksi la Perseus. (Galaksi ni mkusanyiko mkubwa sana wa nyota; shimo jeusi ni kitu chenye uvutano mkali hata mwanga hautoki ndani yake.) Nilikuwa nimeshasoma mahali kwamba katikati ya kundi hilo kuna galaksi ya redio, nami nikaunganisha mambo haraka kuliko inavyofaa: galaksi ya redio inatangaza, darubini ya redio inasikiliza, NASA, shirika la anga la Marekani, wanarekodi, sisi wa Goma tunapokea. Niliwaeleza watu hivyo kwa muda mrefu, na hakuna aliyenibishia.

Aliyenibishia alikuwa fundi wa redio wa Birere, mtaa wa hapa Goma, mzee ambaye meza yake imejaa vyuma vya redio zilizokwisha kufa. Nilikuwa nasubiri redio yangu, nikamchezea ile video na kumpa maelezo yangu. Hakujibu. Alichukua chuma cha kuchomelea, akakigusisha kwenye waya mmoja wa spika, waya ukatoka. Wimbo ukakatika. Taa ndogo nyekundu ya redio ikaendelea kuwaka.

"Umeizima, Muzee?"

"Siyaizima. Iko nashika stasyo vilevile."

"Na sauti?"

"Njo nakuuliza weye. Sauti iko fasi gani? Ndani ya hewa kuko paka maonde. Wimbo inazaliwa hapa." Maonde kwake ni mawimbi: hewani kuna mawimbi tu. Akagonga kwa ukucha ile karatasi nyeusi ya spika, halafu akarudisha waya mahali pake. Wimbo ukaendelea katikati ya neno.

Kosa langu, ambalo naona ni la wengi, lilikuwa kudhani wimbi la redio ni aina ya sauti, labda sauti nyembamba sana inayopita juu ya vichwa vyetu. Siyo. Wimbi la redio ni ndugu wa mwanga. Linakimbia kama kilomita 300,000 kwa sekunde, linapita penye utupu bila shida, na halimsukumi mtu wala hewa. Sauti ni kusukumana: chembe inamgonga jirani, jirani anamgonga wa mbele yake, na katika hewa ya kawaida msukumo huo unatembea kama mita 340 tu kwa sekunde. Stesheni ya FM kwenye megahezi 100 inatoa mawimbi yenye urefu wa mita tatu hivi, nayo yanapita ndani ya nyumba yako usiku kucha, kimya kabisa. Kama yangekuwa na sauti, asingelala mtu Goma.

Kwa hiyo tunaposema "galaksi ya redio" tunamaanisha galaksi inayong'aa kwa rangi ambayo jicho halioni, siyo galaksi inayopiga kelele. Ingefaa zaidi kuilinganisha na taa kuliko na stesheni. Lugha yenyewe imetuponza kidogo. Karl Jansky, mhandisi wa Marekani aliyetangaza mwaka 1933 kwamba mawimbi ya redio yanatoka kwenye Njia Nyeupe, galaksi yetu wenyewe, alikuwa akichunguza usumbufu unaoharibu mazungumzo ya simu za mbali, na ule wa kutoka mbinguni aliutambua kama mvumo wa "shshsh" kwenye vifaa vya masikioni. Mvumo huo ulizaliwa kwenye vifaa vyake, vilevile kama wimbo ulivyozaliwa kwenye spika ya mzee. Lakini tangu hapo watu husema wanaastronomia "wanasikiliza" anga, na sisi tukaamini.

Galaksi za redio zinang'aa hivyo kwa sababu katikati yake kuna shimo jeusi kubwa linalomeza gesi kwa fujo. Sehemu ya kile kinachokaribia kumezwa hutupwa nje kama michirizi miwili, kila mmoja upande wake. Ndani ya michirizi kuna elektroni, chembe ndogo mno za umeme, zinazokaribia kasi ya mwanga. Zikizungushwa na uga wa sumaku, zinatoa mawimbi ya redio. Basi, kuhusu redio hayo yanatosha kwa leo.

Baada ya siku ile niliongoka vibaya. Nikawa mtu wa kuwakosoa wengine: angani ni utupu, utupu haupitishi sauti, kila mlio wa anga mnaoletewa ni uongo wa kompyuta. Na hapo pia nilikosea, kwa sababu mahali palepale nilipopachagua kuwa mfano wa uongo, sauti ipo. Haikuonekana kwa redio, ilionekana kwa eksirei, ndugu mwingine wa mwanga asiyeonekana kwa jicho, yule wa kupigia picha mifupa hospitalini.

Galaksi yenyewe inaitwa NGC 1275. William Herschel aliiona tangu 1786 kama wingu dogo. Wanaastronomia wa redio wanaijua kama Perseus A au 3C 84. Iko kama miaka ya nuru milioni 240 kutoka kwetu (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga unasafiri kwa mwaka mmoja), na imekaa katikati ya kundi lenye galaksi kwa maelfu. Ila galaksi siyo mali kubwa ya kundi hilo. Kati ya galaksi hizo kumejaa gesi yenye joto la mamilioni ya digrii, na ukiipima yote kwa pamoja ina uzito mara kadhaa kuliko nyota zote za galaksi zile. Kwa moto wa namna hiyo gesi hung'aa kwa eksirei, na Perseus ndilo kundi linalong'aa kuliko yote kwa eksirei katika anga letu.

Gesi hiyo ni nyepesi mno. Pale kwenye kiini, ambapo imesongamana zaidi, lita moja ina makumi tu ya chembe. Mtu wa maabara angeiita utupu na kuondoka. Lakini kwenye umbali wa maelfu ya miaka ya nuru, chembe hizo chache bado zinasukumana, na panapo kusukumana, sauti inaweza kupita. Kwa kuwa gesi ni ya moto sana, sauti inapita kwa kasi ya zaidi ya kilomita 1,000 kwa sekunde.

Sasa, nani anasukuma? Rudi mezani kwa fundi. Ile karatasi ya spika haitoi sauti kwa kuwa ina umeme. Inatoa sauti kwa kuwa inakwenda mbele na nyuma, ikikusanya hewa na kuiachia. Huko Perseus karatasi ya spika ni povu. Michirizi ya shimo jeusi inapoingia kwenye gesi ya kundi haipenyi moja kwa moja, inavimba, inapuliza mapovu mawili makubwa yaliyojaa elektroni za kasi. Ukiyaangalia kwa darubini ya redio, mapovu yanang'aa. Ukiyaangalia kwa eksirei, ni matundu yenye giza, kwa sababu gesi ya moto imesukumwa pembeni. Setilaiti ya Ujerumani, ROSAT, ilishaonyesha mwaka 1993 kwamba mng'ao wa redio na matundu hayo yanakaa mahali pamoja, kama mkono na glovu. Kila povu likivimba, linaisukuma gesi iliyolizunguka. Likijitenga na kuelea, lingine linaanza. Sukuma, achia, sukuma.

Kuelea kwake utakuelewa ukishasimama karibu na sufuria ya uji mzito juu ya mbabula, jiko letu la makaa. Povu linaanzia chini, linanyanyua uji, linapanda taratibu, na uji wa pembeni unashuka kujaza lilipotoka. Kwenye kundi la galaksi "chini" ni kwenye kiini, ambako uvutano unavutia, na "juu" ni kila upande wa kutoka. Kuna hata mapovu ya zamani, yaliyokwisha kupanda mbali, ambayo elektroni zake zimechoka na karibu hazing'ai tena kwa redio. Tundu lake kwenye eksirei bado lipo, kama alama ya povu lililokwisha pita. Mfano wa uji una upungufu wake: kwenye sufuria joto linatoka kwa makaa ya chini, lakini huku inaonekana povu lenyewe ndilo linaloleta joto. Hilo nitalirudia.

Mwaka 2003 timu iliyoongozwa na Andrew Fabian wa Cambridge ilitangaza ilichokiona kwenye picha za darubini ya eksirei Chandra: mikunjo hafifu ikizunguka mapovu, mmoja baada ya mwingine, kama mawimbi yanayozunguka mtumbwi. Hapa ndipo watu wengi, mimi nikiwemo, hudhani waliisikiliza sauti. Haiwezekani. Walichonacho ni picha, na mikunjo kwenye picha haisogei.

Piga picha Ziwa Kivu pale pirogi, yaani mtumbwi, inapoondoka ufukweni. Picha moja tu, bila video. Bado unaweza kupima umbali kati ya kilele cha wimbi na kilele kinachofuata. Na ukijua mawimbi ya namna hiyo yanatembea kwa kasi gani, unagawanya, unapata kila baada ya muda gani wimbi moja linapiga mawe ya ufukweni. Hukuhitaji kusikia hata tone. Kwa Perseus ni hesabu ileile: kutoka mkunjo hadi mkunjo ni kama miaka ya nuru 35,000, kasi ya sauti inajulikana kutokana na joto la gesi, na gesi inajulikana joto lake kutokana na rangi za eksirei. Ukigawanya unapata wimbi moja kila miaka milioni 10 hivi.

Tangu mababu wa watu walipoachana na mababu wa sokwe, sauti hiyo haijamaliza pigo moja.

Waliipa hata jina la muziki. Ni noti ya si bemoli, lakini oktavu 57 chini ya do ya katikati ya piano. Anayeimba bezi kwenye kwaya anajua kushuka oktavu moja tu ni kazi. Kila oktavu mtetemo unapungua nusu, na hapa unapunguza nusu mara 57. Ndiyo maana ile video ya 2022 ilibidi ipandishwe oktavu 57 na 58 ili sikio lipate kitu. Kwa hiyo siyo rekodi, wala siyo uongo. Walichukua mikunjo ya kwenye picha, wakaifuata kuanzia kiini kwenda nje, wakaigeuza kuwa mtetemo tunaoweza kuusikia. Ni kama mwanamuziki anayesoma noti zilizoandikwa na mtu ambaye hajawahi kumsikia akiimba.

Kwa nini watu wazima wanajali sauti isiyosikika? Kwa sababu ya fumbo la gesi kutopoa. Gesi ya kiini inapoteza joto kwa kung'aa, na kwa hesabu ingepaswa kuwa imepoa zamani, ikaangukia ndani na kuzaa nyota mpya kwa wingi mkubwa. Nyota zinazozaliwa ni chache kuliko hesabu hiyo. Kuna kitu kinaipasha moto. Mtuhumiwa wa kwanza ni shimo jeusi, na tabia yake inafanana na mama anayepika kwenye mbabula: chungu kikipoa anapepea makaa, kikichemka anapumzisha mkono. Gesi ikipoa inaanguka, shimo linakula, linapuliza mapovu, gesi inapata moto tena, chakula kinapungua.

Kwamba mapovu yana nguvu za kutosha, wengi wanakubaliana. Jinsi joto linavyotoka kwenye povu na kuenea kila upande ndipo mabishano yalipo. Sauti ni jibu moja: mawimbi yanaenda mbali na kuacha joto njiani. Wengine wanataja misukosuko ya gesi, na wapo wanaosema sehemu ya mikunjo ile huenda isiwe sauti kabisa. Setilaiti ya Japani, Hitomi, ilipima gesi ya Perseus mwaka 2016 na kukuta inatikisika kwa kasi ya kama kilomita 164 kwa sekunde, utulivu wa kushangaza kwa jirani wa shimo linalopuliza mapovu hivyo. Kisha Hitomi ikapotea, wiki tano na siku chache tu baada ya kurushwa. Mrithi wake, XRISM, alirushwa mwaka 2023.

Nilirudi kwa fundi kumwambia kwamba sauti ipo, na spika yake ni povu. Alifikiri kidogo, akauliza nani anaichomelea ikiungua.

Ukitaka kujua pa kuangalia: mwishoni mwa Desemba, kama saa tatu ya usiku, simama Goma ukiangalia kaskazini, yaani ukiangalia mlima Nyiragongo. Tafuta Kilimia, kile kifungu kidogo cha nyota kilicho juu. Nyoosha mkono, shuka shubiri moja kuelekea mlima, ukienda kidogo kushoto, utakuta nyota inayoitwa Algol, jina la Kiarabu lenye maana ya zimwi, ambayo hufifia na kurudi kila siku tatu kasoro saa chache. Weka kidole gumba kulia kwake. Perseus A iko hapo, upana wa kidole kimoja kutoka Algol, hafifu mno kwa jicho. Tatizo ni kwamba Desemba yetu ni ya mvua, na mara nyingi unachokiona upande ule ni mawingu tu.