Je, wajua? Kibarua kikiota nyasi, amri ya matunzo haipungui yenyewe

Kwa muda mrefu niliamini kwamba mahakama hapa Kenya ikimwamuru baba alipe matunzo ya mtoto, kiasi hicho hufuata mfuko wake: mshahara ukipanda kinapanda, kibarua kikiota nyasi kinashuka. Niliamini hivyo hadi nikamshauri jirani yangu wa Majengo, tukiwa barazani na vikombe vya kahawa chungu. Alikuwa ameamriwa kutoa shilingi 12,000 kwa mwezi. Alipopoteza kazi ya udereva wa lori nikamwambia, "We tuma unachopata, Mungu anaona." Akawa anatuma 5,000 kwa M-Pesa, bila kuruka hata mwezi mmoja. Baada ya miezi 14 akaletewa karatasi: anadaiwa 98,000, na afike mahakamani aeleze kwa nini asitiwe jela ya kiraia, yaani kifungo cha asiyelipa deni.

Mungu aliona. Faili haikuona.

Anayejua mambo ya bandari ya Kilindini ataelewa upesi. Kontena likimaliza siku zake za bure, gharama za kulihifadhi huanza kuhesabiwa kila kukicha. Lori lako liharibikie Mariakani, wakala wako augue, wewe mwenyewe ufilisike, hesabu inakwenda tu. Ukiwa na sababu nzuri utaandika barua kuomba usamehewe, lakini sababu iliyobaki kifuani mwako haisimamishi chochote. Amri ya matunzo ni vivyo hivyo. Zile 7,000 za kila mwezi hazikuwa punguzo, zilikuwa deni lililolala. Hata mama mtoto akikwambia kwa simu "haya, tutavumiliana", amri iko palepale. Mapatano hayo yaandikwe, yapelekwe mahakamani yapitishwe. (Mfano wangu una kasoro moja: kontena halili.)

Jambo la ajabu ni kwamba amri hii, ngumu hivyo, haifungwi moja kwa moja. Kesi ya shamba ikiamuliwa na rufaa zikaisha, imeisha. Ya matunzo hufunguliwa tena, kwani mtoto anakua na hali za wazazi zinageuka. Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, inaipa mahakama uwezo wa kubadilisha amri yake. Hapa Mombasa, iliyotolewa na Mahakama ya Watoto ya Tononoka huombewa mabadiliko hukohuko, kwa maombi yenye hati ya kiapo.

Swali la hakimu ni moja: nini kimebadilika tangu siku ya amri? "Maisha magumu" si jibu. Yalikuwa magumu hata siku ile. Barua ya kuachishwa kazi ni jibu. Taarifa za benki na M-Pesa za miezi kadhaa, karatasi za hospitali, hayo ni majibu. Mke mpya na watoto wengine hupimwa, ila havikuhakikishii kitu. Kunyimwa kumwona mtoto ni dai jingine kabisa. Kipato cha mama nacho huangaliwa, maana Katiba, kifungu cha 53, inawapa wazazi wote wawili jukumu sawa, wawe wameoana au la. Kenya haina jedwali la asilimia, kwa hiyo wanaume wawili wa mshahara mmoja wanaweza kutoka na viwango tofauti. Na mlango huo una pande mbili: ukiingia kuomba upunguziwe, mama anaweza kuleta karo ya shule akaomba uongezewe.

Kwa kawaida punguzo hutazama mbele. Deni la nyuma hubaki deni, ingawa unaweza kuomba ulilipe kidogo kidogo. Ndiyo maana maombi hupelekwa mwezi uleule kazi inapokatika, si wa 14.

Jirani yangu alipeleka maombi yake. Amri ikashuka hadi 6,500, na lile deni akapangiwa 3,500 kwa mwezi. Kwa miezi 28, basi, anatoa 10,000. Kahawa siku hizi nalipa mimi.