Kukauka si kushika: sanamu za Halloween zinazovumilia mvua na jalidi

Mwaka wangu wa kwanza Minnesota, Marekani, nilitengeneza zimwi la kanzu ndefu, urefu futi saba, nikalisimamisha mbele ya nyumba siku kumi kabla ya Halloween. Siku ya tatu ikanyesha manyunyu usiku kucha. Asubuhi nikakuta kichwa kimeangukia kifuani, kanzu imelegea kama uji, na uji wenyewe unatambaa kuelekea barabarani. Mimi, niliyepiga lipu Tanga miaka kumi na moja! Jirani akapita na mbwa wake, akasimama, akaniambia limependeza zaidi hivyo.

Kwa msiyoijua sherehe hii: usiku wa tarehe 31 Oktoba watoto huvaa vinyago na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende, na wenye nyumba hupamba bustani kwa mifupa, mizimu na mawe ya makaburi. Huku hawana mchezo nayo. Mji wa Anoka, kaskazini kidogo ya Minneapolis, hujiita mji mkuu wa Halloween duniani. Sherehe yake ilianza mwaka 1920, wakubwa walipotafuta cha kuwashughulisha vijana ili waache kufungulia ng'ombe wa watu usiku. Mama yangu nilipomtumia picha ya makaburi yangu alijibu kwa neno moja: "Uchuro." Hadi leo simtumii.

Turudi kwenye uji. Wapambaji wengi hapa hutumia mchanganyiko wanaouita tope la zimwi: puti ya ukutani ile ya ndoo, iliyokwisha kuchanganywa, sehemu tano, na rangi ya maji ya nje sehemu moja. Unachovya gunia la juti au shuka kuukuu la pamba, unalitandaza juu ya kiunzi, na mikunjo inabaki kama kanzu ya jiwe. Ni rahisi, ni nzuri, na ikikauka ukiigonga inalia ko ko ko. Mlio huo ndio ulionidanganya. Mkono wangu ulizoea saruji, na saruji ikilia hivyo kazi imekwisha.

Lakini puti ya ndoo haishiki, inakauka tu. Maji yanaondoka, unga unabaki umegandamana kwa gundi kidogo. Maji yakirudi, unga unarudi kuwa tope. Saruji ni kinyume chake. Haihitaji kupoteza maji, inayala. Inaungana nayo na kuwa kitu kingine, na hakuna mvua itakayoirudisha ilikotoka. Ndiyo maana tunamwagilia lipu mpya badala ya kuianika. Rangi ile sehemu moja hulisaidia tope kidogo, lakini hailigeuzi kuwa lipu.

Siku hizi kila kitu kigeni nakipima hivi: nakausha kipande cha ukubwa wa biskuti, nakitia kwenye glasi ya maji, nalala. Asubuhi nakifinya. Karatasi na gundi ya unga wa ngano hufeli kabla hujamaliza chai, na hata zikinusurika mvua, panya na kindi huzila. Jipsamu ya kukoroga, ile ya mfuko, inashika kweli, lakini hulainika ikikaa kwenye unyevu, kwa hiyo nje siiamini. Gundi ya moto, ile inayoyeyushwa na kifaa kama bastola, haiogopi maji, tatizo lake ni baridi: inakuwa ngumu kama pipi, na pua ya mchawi inadondoka yenyewe.

Sisemi tope la zimwi litupwe. Mimi bado nalitumia kwa sanamu za msimu mmoja au miwili. Ila nalipaka koti mbili za rangi ya nje kila upande, hata ndani ya mikunjo, hata chini ya pindo ambako hakuna anayeangalia. Chini hasa. Sanamu nyingi nilizoitwa kuzikarabati hazikuuawa na mvua ya kichwani. Zilinyonya maji kutoka kwenye nyasi kupitia pindo ambalo halikupakwa. Nainua sanamu juu ya vipande vya matofali, inchi moja au mbili, na kama ina uwazi ndani natoboa matundu chini ili maji yatoke. Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9, na huku yanaganda usiku na kuyeyuka mchana wiki nzima. Ufa wa unywele unakuwa ufa wa kidole.

Sanamu ninayotaka idumu naifanyia saruji. Kiunzi ni mbao za mbili kwa mbili, juu yake wavu wa kuku uliokunjwa kwa umbo la mabega na kichwa. Gunia nalichovya kwenye uji mzito wa saruji tupu, na badala ya maji matupu natumia maji yaliyotiwa gundi ya akriliki ya kuchanganyia saruji, inayouzwa dukani pamoja na mifuko. Vaa glavu za mpira. Saruji mbichi inaunguza ngozi polepole, utajua jioni. Tabaka la kwanza likishika, naongeza la pili kwa brashi, kisha naifunika kwa nailoni na kuinyunyizia maji siku nne au tano. Wengi huiharibu hapa kwa kuianika juani ili ikauke haraka. Na kazi hii ni ya Agosti. Chini ya nyuzijoto 5 saruji inasinzia, na ikiganda barafu kabla haijapata nguvu imekufa, hata ukiipasha moto baadaye.

Mawe ya makaburi ni habari nyingine, mepesi na ya haraka. Natumia foamu ngumu ya waridi au ya buluu inayowekwa ukutani kuzuia baridi, unene wa inchi mbili. Ile nyeupe ya punje punje inamomonyoka ukiichonga. Rangi ya kopo ya kupuliza usiiguse nayo kwanza, kwa maana viyeyusho vyake huila foamu ikabaki mashimo. Paka rangi ya maji, na bora zaidi ile nzito ya kuzuia unyevu kwenye kuta za chini ya nyumba. Ile ya chapa ya Drylok inapendwa sana na wapambaji kwa sababu ina chembechembe, na ukiipaka jiwe linaonekana jiwe. Usiache foamu yoyote wazi, jua huigeuza njano na kuifanya unga.

Kuhusu vanishi, chagua ile ya mashua, isiyong'aa. Imetengenezwa kwa mbao zinazotanuka na kusinyaa juani, na ina kinga ya miale. Wazee wetu wa pwani walipaka jahazi sifa, mafuta ya ini la papa, kwa shida hiyo hiyo, ingawa sikushauri uipeleke harufu ile Minneapolis.

Upepo nao una hesabu yake: mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kusukuma huongezeka mara nne. Zimwi la kanzu pana ni tanga la jahazi lisilo na nahodha. Ndani ya kila sanamu na kila jiwe naficha bomba la plastiki, kisha naligongea ardhini nondo ya milimita 10 na kulivisha bomba juu yake. Kabla ya kugonga, kama uko Marekani, piga simu 811, ni bure, mafundi watakuja kuweka alama palipo na nyaya na mabomba ya gesi. Mwaka 1991 theluji ilianza kuanguka hapa siku ya Halloween yenyewe, na ilipokoma Minneapolis ilikuwa imepata inchi 28.4. Wenyeji bado wanaisimulia kama jana.

Kwa hiyo nondo zing'oe tarehe 1 Novemba, kabla hujala peremende zilizobaki. Ardhi ikishaganda hazitoki hadi Aprili, na kufikia hapo zimezama kwenye nyasi zikisubiri kisu cha mashine ya kufyekea.